Muzee Akianguka, Halii

Mie nauza maharagi ku soko ya Nyakasanza, na kila mutu pale anajua kama mudomo yangu haina freni. Basi nitasema bila kuzunguka. Mama yangu alikufa, na majuma yote ile kifo ilikuwa inakuja, mie niliiangalia na macho yangu mbili nikaisifu. Nilisema: aksanti Mungu, muzee yangu angali na akili timamu. Nilisema mbele ya batu! Leo nikikumbuka, natamani kujipiga makofi.

Jina yake ilikuwa Anastasie. Siye ni Banande, tulitoka Butembo mie ningali mudogo, tukafika Bunia mbele vita haijaanza, tukabaki. Alikuwa amepita miaka sabini, mufupi, mukavu, na alitembea haraka kuliko mie. Binti yangu Arielle, wa miaka munane, alikuwa anamuita Mukaka, njo vile siye tunaita nyanya. Bo babili balikuwa chanda na pete. Chakula mu sahani moja, mulalo ku kitanda moja, na siri zao ambazo mie sikuambiwa.

Na bo babili njo balianguka. Ilikuwa siku ya tano ya kazi, vita ilikuwa imeisha miaka sita, batu bameanza tena kujenga na matofali. Balikuwa banatoka kanisa, bamepanda moto moja, pikipiki ya kulipa, dereva mbele, mutoto katikati, mama nyuma, kama vile siye wote tunapanda. Mbuzi ikakata njia. Dereva akafunga freni mu muchanga, moto ikalala.

Arielle alilia, weee! Mie nilikuwa ku meza yangu ya soko, mbali kama njia mbili, na nilijua ile sauti ni ya mutoto yangu. Nikaacha maharagi wazi, nikakimbia. Mukono yake ya kuume ilikuwa imepinda katikati, fasi mukono ya mutu haipinde. Na mama? Mama alikuwa amesimama. Alikuwa anafunga tena kitambaa yake ya kichwa, huku anamutukana dereva mu kinande, matusi ile ya zamani, na anapangusa vumbi ku rinda ya mutoto. Yake mwenyewe hakupangusa.

"Mama, na weye?" nikamuuliza.

"Mie nini? Angalia mutoto."

Basi nikaangalia mutoto.

Ku santre ya afya tulimukuta muganga Honoré, mutu ya pole pole, wa kusema chini chini. Alimushika Arielle mukono, akatuonyesha. "Mufupa ya mutoto ni kijiti kibichi. Haivunjike yote, inapinda, inapasuka upande moja. Nitainyoosha, nitaweka platre, plasta ngumu ya kufunga mukono. Majuma ine, tano, utasema haijawahi kuumia." Arielle akalia tena wakati ya kunyoosha, na mie nikalia naye, na hata dereva wa moto, ambaye alitufuata kwa woga, akapangusa macho.

Mama hakulia. Alikaa ku benchi, mikono juu ya magoti, anangoja kama vile mutu anangoja mvua iishe.

Honoré alipomaliza akamuendea. "Mama, weye pia ulianguka. Nitoe kitambaa, niangalie kichwa."

Ayi! Mama alimuangalia kama ameambiwa avue kikwembe mu soko. "Weye muganga ni mutoto yangu. Mutoto hamuvue mama yake kitambaa mbele ya batu."

"Tutaingia ndani, tufunge mulango."

"Sina kitu. Kichwa hii imepita mingi."

Mie niliweza kumuambia avue. Niko na mudomo, nimesema. Lakini nilikuwa nachoka, mutoto alikuwa analala juu ya bega yangu, na nikawaza: muzee akisema hana kitu, hana kitu. Nani atamushurutisha mama yake? Honoré alinivuta pembeni.

"Mama Arielle, sikia. Mutoto mumuchunge siku mbili. Akitapika, murudi. Muzee mumuchunge mwezi, na juma zingine mbili juu."

Nikacheka. "Mwezi muzima? Kwani iko na mimba?"

Yeye hakucheka. "Mutoto akiumia, mwili yake inakuambia leo leo. Ya muzee inangoja. Mara ingine inasema uwongo."

Nilimujibu aksanti, muganga, na nikatoka na mutoto yangu. Unajua vile neno ya muganga inaingia mu sikio hii na inatoka ku ile? Njo vile. Honoré alisema, mbele yangu, mu Kiswahili safi, na sina mutu wa kulaumu.

Juma mbili za kwanza Arielle alikuwa bibi arusi. Batu ya avenue yote balikuja kuangalia platre. Baliiandika na biki: pole, Yesu iko, usipande tena moto. Baliletea mutoto mayai, fanta, ndizi. Na nani alikuwa anapika ile mayai, anamuogesha, anamulisha na kijiko? Mama. Hakuna mutu alimuuliza muzee: na weye, mama, ulianguka wapi? Hata mie. Siku moja alisema kichwa inamugonga. Nikamupa parasetamoli, nikamuambia ni jua. Kesho yake tena, parasetamoli. Bazee banaumwa kichwa, nilisema, sasa?

Juma ya tatu alianza kufunga furushi.

Hapa mutusikie muzuri, nyinyi ambao hamujaishi Bunia. Kufunga furushi kwetu si ugonjwa. Kila nyumba iko na furushi moja nyuma ya mulango: unga kidogo, chumvi, sufuria, kikwembe, karatasi za mutoto za masomo na za ubatizo. Tunasema amani imekuja, tunanunua matofali, tunafanya arusi, lakini ile furushi hatufungue. Mwenye aliumwa na nyoka anashituka hata akiona kamba. Na ile majuma kulikuwa sababu. Huko kusini ya Irumu risasi zilikuwa zimeanza kulia tena, batu balikuwa banaingia mu muji na kuku na magodoro, kila mutu mu soko alikuwa na habari yake, na kila habari ilikuwa mubaya kuliko ya jana.

Basi asubuhi moja, mbele ya sala, namukuta mama chini, anafunga. Sufuria, unga, kisu, viatu za Arielle.

"Mama, kuna nini?"

"Banakuja."

"Banani?"

"Bale bale."

Sikuuliza tena. Mu Bunia, muzee akikuambia bale bale banakuja, hauulize jina. Nilisaidia kukaza kamba! Kesho yake alifungua yote, akafunga tena. Na kesho kutwa. Kila asubuhi. Mie nikaona ni uangalifu, anahakikisha, kama vile mie nachambua maharagi mara mbili.

Jirani yetu Mama Orly, Muhema, mutu wa zamani sana hapa, alichungulia juu ya lupango. "Kavira, mama yako anafunga?"

"Kila siku."

Mama Orly akafunga mudomo na kiganja. "Penye bazee hakuharibike neno. Huyu alitoka na batoto mu ile vita, siye bengine tulingoja tuone kwanza, na tuliona. Mie nafunga leo."

Na alifunga. Mangaribi ile, nyumba ine zilikuwa zimefunga. Siku ya posho, mwisho ya juma, avenue yote. Batu balikuja ku meza yangu kununua maharagi ya kuweka, na mie nasema kwa kiburi: "Ni mama yangu njo alisikia wa kwanza. Ile muzee! Sikio yake ni ya mbwa." Banacheka, banamusifu. Mama Orly alimuletea maziwa ya kuganda, kumushukuru. Mama alikunywa, akamuuliza Mama Orly kama iko mutoto ya nani. Tukacheka siye wote. Tulifikiri ni muzaha.

Sasa niseme zile alama zingine, zote pamoja, sababu nilizipata moja moja na moja moja haikunitisha. Alikuwa analala muchana, yeye ambaye hakuwahi kulala muchana hata na malaria. Aliweka chumvi mu chai. Aliniita Musoki, na Musoki ni mudogo wake, alikufa ku njia wakati ya vita. Nikasema: anamukumbuka, masikini, sababu ya risasi. Alianza kuwa mukali na Arielle, siku ingine akasahau kama mukono ya mutoto iko na platre, akaivuta. Nikasema uzee. Siye tunatupa kila kitu mu kikapu ya uzee, na hakuna mutu anaangalia chini ya kikapu. Kama Arielle angeweka chumvi mu chai na kuniita jina ya mutu wa kufa, ningekuwa ku santre na miguu bila viatu. Hata sala ningeacha.

Na bwana yangu Ambroise alijua. Hii njo inaniua. Ambroise anapeleka kamio, lori ya mizigo, ku Komanda, iko nyumbani siku mbili, siku tatu, anaenda. Na mama ni mukwe wake. Kwetu mwanaume hamuangalie mukwe wake. Hakule naye, hakae ku kiti karibu, bakikutana ku mulango yeye njo anarudi nyuma na anaangalia chini. Ambroise ameiheshimu hii tangu siku ya mahari, na mie nilikuwa namusifu pia kwa ile. Basi, sababu ya kuangalia chini, aliona chini. Mie nafagia kiwanja yetu kila asubuhi. Aliona nyayo ya mama mu vumbi: muguu ya kuume inakanyaga, ya kushoto inachora mustari. Inakanyaga, inachora. Kutoka mulango paka choo.

Aliniambia baadaye, ku hospitali. "Siku munane niliona."

"Siku munane, Ambroise! Na haukusema?"

"Ningesema nini? Niangalie miguu ya mama yako, halafu nikuambie nimeiangalia?"

Nilitaka kumupiga. Lakini ningekuwa mwanaume ningefanya vile vile.

Siku ya Mungu ya juma ya sita, hakuamuka. Alikuwa anapumua, na mulio, kama mutu mwenye pua imeziba. Nikamutikisa, akafungua macho, akayafunga. Mudomo yake ilikuwa imeshuka upande moja. Mukono ya kushoto nilipoinyanyua ilianguka peke yake. Arielle, platre yake ilikuwa imetolewa siku ya tano, alikuwa anamushika na mikono yote mbili, muzima kabisa, anaita Mukaka, Mukaka. Ambroise akaleta kamio. Alimubeba mama yeye mwenyewe, mu mikono yake, na alikuwa anaangalia pembeni na machozi inatoka. Mukwe wake, miaka kumi na mbili, na ile njo mara ya kwanza alimugusa.

Docta Félicien, kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi, alimupima. Aliuliza: tansio? Sukari? Malaria? Nikajibu. Kisha akauliza: "Alianguka?"

"Hapana," nikasema.

Na Mungu anisikie, sikudanganya. Mu kichwa yangu ile ajali ilikuwa ya Arielle. Wa kuanguka alikuwa mwenye alilia.

"Mama," Arielle akasema, sauti kidogo. "Tulianguka siye babili. Mukaka alipiga kichwa ku jiwe. Alitoka kamupira hapa," akagusa upande ya kuume ya kichwa yake. "Aliniambia nisiseme, utahangaika."

Docta aliacha kuandika. "Lini?"

"Majuma tano imepita," nikasema. "Lakini docta, alisimama! Alipika! Alikuwa anamubeba mutoto ku mugongo!"

Alikaa. Akaniuliza nauza nini ku soko. Nikafikiri amechanganyikiwa.

"Maharagi."

"Basi unajua. Haragi mubichi inajaa ganda yake, hata ukitikisa haisikike. Ikikauka inapunguka, ukitikisa inagongagonga. Bongo ya mutoto inajaa kichwa. Ya muzee inapunguka, nafasi inabaki. Akijigonga kidogo tu, kamushipa kadogo kanapasuka, damu inatoka tone, tone, na inapata fasi ya kukaa. Inaweza kukaa majuma bila mutu kujua. Siku nafasi inaisha, inaanza kukanyaga bongo. Mutu anasahau, anaburuta muguu, anasema mambo haiko."

"Na dawa?"

"Haina dawa. Inafaa kutoboa mufupa, kuitoa. Mwenye anajua ile kazi hapa haiko, na mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa hapa haiko. Kampala iko. Njia ya gari itamumaliza. Kandege kadogo kanaenda siku ya pili ya kazi, kama njia ya juu ni safi. Nitapiga simu."

"Leo ni siku ya Mungu."

"Najua, mama." Akapangusa uso. Nadhani alikuwa anachoka sana, sababu aliniuliza kitu asingeuliza: "Kwa nini hamukumuleta wakati alianza?"

Hapo mudomo yangu ikarudi. "Alianza nini? Alianza nini, docta? Kufunga furushi? Kuogopa risasi? Kuita batu ya kufa? Basi fungua milango yako yote, nikuletee Bunia muzima! Nianze na Mama Orly, nianze na mie!"

Nilipiga kelele paka bagonjwa bengine bakanyanyuka ku vitanda. Docta aliinama, akashika tena mukono ya mama, akaipima, na ile ilinimaliza kuliko angenigombeza. Nilikaa chini ku sima baridi, nikalia kama Arielle alilia ile siku, na kinywa wazi.

Tulingoja. Hatukuwa na kazi ingine. Ambroise alitafuta batu ya ndege, akapiga simu paka simu ikazima, akaenda kuichaji, akarudi. Jibu ilikuwa ile ile: siku ya pili. Muganga Honoré alikuja, alisikia. Hakusema neno ya mwezi na juma mbili. Angesema ningevumilia. Alimugeuza mama pole pole, akanionyesha vile ya kumugeuza ili mugongo isitoboke, sababu ngozi ya muzee, alisema, inapasuka na kulala tu. Nikamugeuza. Nikamupangusa mudomo. Nikamutoa kitambaa, mie mwenyewe, na nikagusa kichwa yake pale upande ya kuume. Hakukuwa kitu. Hakuna kidonda, hakuna alama, nywele tu, nyeupe, laini.

Siku ya kwanza ya kazi, saa sita ya muchana, alifungua macho, na safari hii yalibaki wazi. Honoré alikuwa ametuambia inaweza kutokea, inaenda na inarudi, tusidanganyike. Nilidanganyika. Nikaruka, nikamuita Arielle. Mama alimuangalia mutoto muda murefu.

"Huyu ni mutoto ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Muzuri sana. Mungu amukuze." Halafu akaniangalia mie, na heshima, vile unamuangalia mugeni mwenye alikupa kiti kanisani. "Aksanti kwa kunichunga, mama. Sikujui, lakini unachoka juu yangu."

Arielle alinigeukia. Nikamupa ishara anyamaze.

"Na weye," mama akasema, pole pole, ulimi yake nzito, "uko bado na mama yako?"

Ningeweza kusema: ni weye! Niko Kavira, ulinizaa Butembo, uliniburuta mu vita, angalia! Lakini alikuwa ameuliza na adabu, na alikuwa anangoja jibu.

"Niko naye," nikasema.

"Iko muzima?"

"Iko muzima, mama."

"Umuchunge muzuri, basi."

"Namuchunga."

Alitingisha kichwa kidogo, amefurahi juu yangu, akafunga macho. Nilibaki nashika mukono yake ya kuume, ile moja ilikuwa ingali inashika.